Picha Mbele ya Nyumba Kubwa

Koti la sufi likinyeshewa hutoa harufu kama ya mbuzi. Leo nimeisikia ndani ya basi, kwa mwanamke aliyeketi mbele yangu, na mara nikawa na miaka minane, nimevaa koti nililopewa kanisani, mikono yake ikinifunika vidole.

Ilikuwa Jumapili yenye manyunyu, huku ughaibuni. Mama alitupeleka kwenye bustani ya umma kando ya ziwa, ambako tajiri mmoja wa zamani alijenga nyumba nyeupe yenye nguzo. Tuliikuta imefungwa. Mama akatupanga mlangoni hivyo hivyo, mimi akanisimamisha mbele ya kibao cha saa za kufungua ili kisionekane.

“But Mum, si yetu hii,” dada yangu akasema.

“Nani amesema ni yetu? Wewe cheka tu, picha inaenda kwa shosho.”

Nyuma ya picha hakuandika neno. Siku hizo tulikuwa tunalala watatu kitanda kimoja, katika chumba tulichopanga nyumbani kwa watu.

Jibu la shosho, mamake Mama, lilichukua miezi kufika kutoka kijijini. Mama alitusomea kwa sauti, bado amevaa sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Shosho alimshukuru Mungu kwa nyumba, akatuonya tusichinje bata wote wa ziwani kwa mara moja. Tukacheka. Alipofika mwisho, sauti ya Mama ikashuka:

“Lakini mwanangu, mbona watoto wananyeshewa, na mlango uko hapo nyuma yao?”