Mgonjwa Aliachwa kwenye Benchi

Dripu za saratani ya tezi dume zilipoacha kumsaidia baba, daktari alituita ndugu tisa ofisini, na mwenye ugonjwa akaachwa nje kwenye benchi. Ndivyo tulivyozoea huku Ifakara: ukoo unaambiwa, mgonjwa anafichwa. Nilifura hasira mpaka vifungo vya shati vikataka kurukia mto Lumemo.

Daktari alisema njia bado zipo: dripu ya aina nyingine, vidonge vya kuzuia homoni, mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa, ambayo lazima aifuate Dar, au kubaki nyumbani na dawa ya maumivu tu.

Baba mkubwa hakungoja amalize. "Arudi kijijini Namawala apumzike. Tusimtishe."

"Nani kakwambia amechoka?" Mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni, nilipiga kelele za kuamsha viboko wote wa mto Kilombero. "Mtu kalima mpunga wa kulisha nusu ya dunia, leo mnamchagulia kama mtoto wa chekechea!"

"Punguza sauti, msomi," baba mkubwa alinikejeli.

Nilifungua mlango. Baba alikuwa amesimama hapohapo, mkono mmoja umeshika kiuno. Alinipita, akamtazama daktari.

"Hiyo mionzi inachukua siku ngapi? Mgongo haunipi usingizi. Dripu sitaki tena, zimenitapisha vya kutosha."

Daktari aliwatazama ndugu.

"Nimekuuliza mimi," baba alisema. "Na wewe kaka, nipishe kiti."