Sala Iliyosikilizwa Ofisini

Walitufungia kamera ndani ya malori ya mgodi, eti kwa kutuhurumia. Watu wa ofisi ya usalama walituambia mashine hiyo inamjua dereva anayesinzia: ukifumba macho, kiti kinatetemeka chini yako na habari zinawafikia papo hapo. Ina masikio pia. Siku moja shefu, msimamizi wetu wa zamu, aliniigiza mbele ya wenzangu wimbo niliouimba peke yangu kabini, wakacheka. Mimi mama mzima nilichukia hadi nikakosa hamu ya kula.

Lakini wajuaji hao hawakujua jambo ambalo kila mtoto wa Kolwezi analijua: dereva wa huku hawashi injini kabla ya kusali. Mkatoliki anafanya ishara ya msalaba, Mmethodisti anainamisha kichwa, na wote tunafumba macho. Basi kwa mujibu wa mashine yao ya bei mbaya, kila zamu ilianza na madereva wote wamelala fofofo.

Tukaonywa, tukajifunza kusali huku tumekodoa macho. Aliyekataa ni mzee mmoja wa Lubudi, shemasi kanisani kwake, niliyekuwa nikipokezana naye lori.

"Mama, mi siwezi kusemesha Mungu macho wazi sawa vile nasemesha muntu wa kuuzisha samaki."

Asubuhi moja, kwenye kikao cha kabla ya zamu, shefu akaonyesha picha ya mzee ukutani: kichwa chini, macho yamefumbwa. Akasema anayelala hivi hana kazi tena. Mzee akatabasamu. Maskini, alidhani ameshinda.

"Shefu, fungula sauti. Utasikia mi nasali."

Sauti ikafunguliwa. Ilikuwa sala kweli. Alimshukuru Mungu kwa kumwamsha, akawaombea wanawe, kisha sauti ikashuka: "Baba, jicho ya kushoto inaanza kuwa na giza. Unichungie ile inabakia, mpaka nipate njia ya kwenda kwa munganga wa macho bila banifukuze."

Tabasamu lilikuwa limemtoka mzee, naye akabaki akiangalia ukuta.

Sisemi kwamba mtu wa jicho moja apewe lori kubwa kama nyumba. Wangempeleka hospitali, wangempa kazi ya chini. Lakini mashine ilimkazia mtu macho kutwa, zamu baada ya zamu, isione kwamba jicho lake linakufa. Ilichoona ni kwamba limefumbwa. Na hawa ndio wanaotuambia sisi tuwe macho!

Shefu, badala ya kuona haya, akapata nguvu mpya. Akamwuliza mzee mbele yetu sote kwa nini ameificha kampuni ugonjwa wake, akamwambia arudishe kitambulisho cha kuingilia mgodini.

Mzee akakivua shingoni, akakiweka mezani taratibu.

"Sikufichaka kitu, shefu," akasema. "Nilimuambia Ule nilikuwa nasemesha. Weye, nani alikuita?"