Bata Mzee na Jicho la Kukhu

Binti yangu alipokuwa na miaka minne, alikuwa mchoyo kweli kweli. Kikombe chake hakiguswi, kiti chake hakikaliwi. Nikamnunulia kitabu cha picha hapa Kitale, hadithi ya bata mzee aliyeumia mguu. Wenzake wote wanakimbilia mtoni. Kifaranga mmoja tu anabaki nyuma kutembea naye. Tulikisoma kila jioni jikoni, mboga zikichemka.

"Wewe ungebaki na bata?" nilimuuliza.

"Hapana. Mimi ningeenda kuogelea."

Nilivunjika moyo kidogo, lakini sikuacha kusoma.

Likizo ya Agosti tukaenda Bungoma kumwona mama mkwe, ambaye alikuwa ametoka hospitalini kutolewa mtoto wa jicho. Alitupokea mlangoni, bandeji nyeupe imefunika nusu ya uso, mikono ameinyoosha. Binti yangu akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Kwani jicho ya kukhu imeenda wapi?" akanong'ona. Kukhu ndiyo nyanya, kwa Kibukusu cha baba yake.

Mama mkwe alicheka, lakini niliiona ile mikono ikishuka taratibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nachambua kunde, nikasikia mtu akisoma sebuleni. Nikachungulia. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kochi upande wa jicho zima la nyanyake, kitabu kimefunguliwa mapajani. Kusoma hakujua, ila maneno yangu yote alikuwa ameyashika. Katikati ya ukurasa akasimama na kusema kwa sauti yangu kabisa, "Ngoja kwanza nionje chumvi," kisha akaendelea.

"Lete karibu nimuone huyo bata," mama akasema. Akaikodolea picha jicho. "Wee! Si huyu ni mimi?"

Mtoto akamtazama, kisha akaitazama picha. Mama alipoinuka kwenda kuota jua, binti yangu alifunga kitabu akamshika kidole.

"Twende pole pole, Kukhu. Mimi siendi kuogelea."

Nilirudi kwenye kunde zangu machozi yakinilengalenga.

Wiki hiyo hawakuachana. Hata baada ya bandeji kutolewa, mama akiwa anaona hadi kuku wa jirani ng'ambo ya ua, bado alisimama mlangoni kila asubuhi, akapapasa hewa, akaita, "Nani atanipeleka nje, bana?" Na mbio za miguu midogo zikasikika kutoka chumbani.