Baba Mdogo Niliyekataa Kumzika

Kampuni niliyoifanyia kazi pale Rubwera hununua kahawa, na makao yake makuu yako Dar es Salaam. Kila Ijumaa tulivaa fulana zilizoandikwa "Sisi ni familia". Wafanyakazi wa umri wa baba zetu walizivaa bila neno. Kwao kazi ni kazi. Sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tulizivaa huku tukinong'ona, maana familia hiyo ilitoa ruhusa ya msiba kwa ndugu wa damu na mwenza tu. Jirani hakuwamo.

Kwetu Kituntu jirani ndiye anayekuchimbia kaburi. Siku ya maziko hakuna anayekwenda shambani, na asiyeonekana msibani huulizwa. Wenzangu walipata njia rahisi: jirani akifa, wanamuua baba mdogo kwa mdomo. Mmoja wetu alikuwa ameshazika baba wadogo wengi kuliko watoto aliowazaa babu yake.

Mimi nilishindwa. Baba mdogo ninaye mmoja, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na karo yangu ilitoka kwenye mibuni yake. Sasa zamu ilikuwa yangu: mshahara wangu ndio uliowasomesha wanawe wawili. Kumtamka maiti mtu anayepalilia migomba yake, ulimi uligoma.

Jirani yetu wa mpaka mmoja alipofariki, nilimwendea meneja nikasema kweli. Alikuwa mtu mstaarabu, aliletwa kutoka makao makuu. Akanipa pole, akasema sera haimtaji jirani. Ulikuwa msimu wa kahawa na mkataba wangu ulikaribia kwisha. Nilipanda bodaboda nikaenda kuchimba kaburi.

Kesho yake aliniita. Hakufoka.

"Marehemu ni nani yako?" aliuliza tena, kalamu mkononi.

"Jirani."

Alivua miwani. "Ungesema baba mdogo, ningesaini. Wote husema hivyo. Sasa mimi nifanyeje?"

Nilikasirika kuliko kama angenitukana. Kumbe alijua kila uongo uliopita mezani kwake, na bado Ijumaa alitusomea maadili ya kampuni, uaminifu ukiwa wa kwanza. Mkataba wangu haukuongezwa.

Nilirudi nyumbani na begi langu. Baba mdogo alikuwa uani, akigeuza kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona na begi?"

Nilimsimulia yote, na sitaficha, nilitegemea anisifu. Nilikuwa nimepoteza kazi kwa kukataa kumzushia kifo. Aliendelea kugeuza kahawa.

"Ungeniua tu, mwanangu," alisema. "Mimi ningefufuka jioni. Hao wadogo zako shule wanafungua Jumatatu."

Nilicheka. Nilikuwa nacheka peke yangu.