Rafadha ya Mbao na Rafadha ya Nailoni

Kaka yangu alikuwa baharia, ila hakuwa wa kukaa juu na upepo. Kazi yake ilikuwa chini kabisa melini, kwenye joto la injini. Mwaka wa vita ya Uganda alirudi kwetu Bagamoyo likizo, na zaidi ya sabuni na vitambaa vya Mama, alikuja na sanduku refu la kadibodi. Ndani yake mlikuwa na ndege. Ndege kweli, yenye injini ya kula mafuta, ila ndogo, mtu mmoja anaikumbatia. Ilirushwa na mtu aliyesimama chini, akishika kisanduku chenye erio ndefu kama ya redio na vijiti viwili vya kuiongozea.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nimeachika, nimerudi kukaa kwa Mama. Kaka alinipenda, lakini alikuwa mtu ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Nyumba nzima tulijua.

Sandukuni mlikuwa na rafadha mbili, yale mapanga yanayozunguka puani mwa ndege yakaivuta. Moja ya nailoni nyeusi, ndefu kidogo, mapanga yake mapana na yamelala. Nyingine ya mbao, fupi, imepigwa vanishi ikang'aa kama kiti cha bibi harusi, na mapanga yake yamepinda sana. Kaka aliichukua ya mbao hata hajaitazama mwenzake.

"Kaka," nikamwambia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeisoma ile karatasi ya maelezo, "wanasema anayeanza atie hiyo ya nailoni. Inaondoka upesi, halafu hewani inakwenda taratibu. Hiyo ya mbao ni ya mbio. Itatushinda kabla hatujajua kushoto wala kulia."

"Mshona magauni ndiye wa kunifundisha rafadha? Mimi ninayelala nayo chini ya mgongo, inavuma usiku kucha?"

"Ile ya meli iko majini."

"Shika mkia, usinichoshe."

Nikashika mkia. Tulikuwa uani, Mama amekwisha kukuna nazi, kaiacha mbuzi pale nje, yuko jikoni anatwanga. Karatasi ilisema injini isiwashwe kwa kidole, itumike fimbo, na hilo nalo nilimwambia. Yeye akatia mafuta, yale yanayonuka nyonyo, akawa anaisukuma rafadha kwa kidole cha shahada. Ikakataa. Akasukuma tena, ikakohoa, ikakataa. Jasho likamtoka, akaanza kuitukana. Akaongeza mafuta na kuisukuma kwa nguvu zake zote, na injini ikarudi kinyume.

Sikusikia kilio. Nilisikia mlio kama wa mtu anayekata kuni nyembamba, kisha nikaona ukuta mweupe wa chokaa umetapakaa damu mpaka juu ya dirisha. Vidole viwili vilikuwa vimefunguka, mfupa unaonekana. Na injini sasa imewaka! Inanguruma, ile mbao inakata hewa mbele ya tumbo la kaka, na mimi nimeng'ang'ania mkia nisijue pa kuizimia. Niliukanyaga ule mpira wa kupitisha mafuta mpaka injini ikanyamaza.

"Si nilikuambia!" nikasema.

Akanizaba kofi kwa mkono mzima. Nilianguka juu ya mbuzi ya nazi, nikachanika paja. Mama akatoka na mchi wa kinu, akampiga nao mgongoni, mara nyingi, huku damu ya vidole inamrukia kanga. "Unampiga mwanangu? Nyumbani kwangu?" Kaka hakuinua mkono kujikinga. Alikaa chini, na ndipo Mama akatupa mchi na kumfunga vidole kwa upande wa kanga yake. Hospitali walimshona. Yule tabibu alituambia vile vidole havitakunjika tena.

Siku kadhaa kila mmoja alikula kivyake. Asubuhi moja alikuja pale kwenye cherehani yangu, akaiweka ile ya nailoni juu ya kitambaa.

"Uliichagua wewe. Na urushe wewe. Mimi sina mkono."

Nikaichomeka katikati sindano nene ya kushonea magunia, nikaiegemeza juu ya vikombe viwili nione kama inalala sawa. Upande mmoja ulikuwa mzito. Nikaupiga msasa kidogo kidogo mpaka ikatulia. Kingo zilikuwa kali, hizo nazo nikazilainisha. Nikatengeneza na fimbo ya kuwashia, nikaivisha kipande cha mpira wa bomba.

Tulikwenda nyuma ya mashamba ya chumvi, ambako ardhi ni kavu na ngumu. Iliwaka mara ya tatu. Ikakimbia hatua chache, ikainuka. Wallahi ilikuwa inakwenda taratibu kama mtu anayewaza. Kila nilipokosea ilinipa nafasi ya kusahihisha. Kaka alikuwa anaruka, mkono wake wa bandeji juu, anapiga kelele, "Geuza! Geuza! Hivyo hivyo, mdogo wangu!"

Mgambo walitokea upande wa mikoko, wanakimbia, na nyuma yao watu wengi wenye mapanga na miti. Redio kila siku ilikuwa inatuambia tuwe macho na adui, na wao wameona ndege, na mwanamke ameshika erio.

"Mpelelezi! Anaiita ndege!"

Rungu la kwanza lilinipata begani. Kisanduku kikaanguka, mtu akakikanyaga. Nikapigwa mgongoni, mbavuni, nikavutwa nywele, mtandio ukaenda. Kaka aliwaingia kwa kichwa. Alimng'ata mmoja sikio, akampiga mwingine kwa ule ule mkono mbovu, mishono ikaachia. Wakamvunja mkono wa pili, nilisikia. Ndege isiyo na mwenyewe ilizunguka, ikaja chini juu ya vichwa vyetu, watu wakalala kifudifudi wakitaja jina la Mungu, ikaenda kujibamiza kwenye rundo la chumvi. Wakatuacha sisi, wakaikimbilia. Waliipiga marungu kama wanaua nyoka.

Aliyetuokoa ni balozi wetu wa nyumba kumi. Alijitupa juu yangu akipiga kelele, "Huyu anawashonea wake zenu! Mnamuua fundi wenu, enyi watu!" Akapigwa na yeye kabla hawajamsikia.

Polisi walituhoji mpaka alasiri. Askari aliyeandika maelezo aliuliza mara mbili ni nani aliyekuwa anarusha, na mara zote mbili nikasema ni mimi. Balozi akaapa kuwa ananijua tangu utotoni, ndipo wakatuachia. Ndege, au kilichobaki, hawakuturudishia.

Nyumbani, baada ya kupitia hospitali, kaka hakuwa na mkono wa kulia wala wa kushoto wa kumfaa. Mama alimlisha, tonge kwa tonge, huku akimtukana yeye na meli zake na waliozitengeneza. Mimi nilikula nimesimama, kukaa nilikuwa siwezi.

"Ulikuwa unaipeleka vizuri," kaka akaniambia, mdomo umejaa wali.

Nilicheka, mbavu zikanichoma mpaka machozi yakanitoka. Mama akasema tunyamaze, sote wawili, na akamtia tonge lingine.