Meno ya Mtoto wa Miezi Minne

Wiki nzima nilikuwa nafundisha usafi wa kinywa, na batoto bangu wa mwaka wa nne, pale mjini Baraka, walikuwa bado wananipumulia dagaa usoni. Jamani, kufundisha ni kazi! Nikachora ubaoni jino jeusi, refu kama muhogo, nikafoka, "Jino bovu linaharibu mengine. Litolewe mapema!" Nikawaimbisha mpaka koo zikawakauka. "Na mukabaambie bamama!"

Asubuhi iliyofuata, msichana mmoja ambaye kwa kawaida husinzia aliinua mkono, anatabasamu.

"Madamu, mi nilimuambia mama. Leo banamutoa mutoto wetu meno."

"Mutoto wa miaka ngapi?"

"Iko na miezi ine. Iko na homa na kuhara. Bibi anasema meno mabaya iko ndani, haiyatoka. Mama alikuwa anakataa. Sasa amekubali, juu weye ulisema."

Mungu wangu! Nani kwetu hajui desturi hiyo? Mtoto akipata homa, wanamfunua mdomo, wanaona weupe kwenye ufizi, wanauchimba kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Nilijua. Wiki nzima nimeshinda na miswaki na sukari, na hilo sikuligusa hata kidogo, eti halimo kwenye somo. Mjinga mimi!

Nilitupa chaki, nikatoka mbio na yule msichana. Njiani akawa ananiuliza, "Madamu, umekasirika?" Nikazidisha mbio.

Tulichelewa. Mama yake alikuwa mlangoni, mtoto mapajani, kitambaa chenye damu mdomoni mwa mtoto. Mtoto hakuwa analia tena, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Karibu, Madamu," bibi akasema kwa furaha. "Huyu mama ni mubishi! Mi alinikatalia siku tatu. Maneno yako njo ilimulainisha."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Nikambeba mtoto, tukaenda wote kituo cha afya. Muuguzi akamchoma kidole: malaria. Malaria tu, ya kupona kwa dawa! Akamtundikia maji, akamgeukia mama kwa ukali.

"Nani alikudanganya umutoe mutoto meno?"

Mama akatazama chini. Hakumtaja bibi, wala hakunitaja mimi niliyesimama kando yake. Heshima gani hiyo, hata sasa? Ilinikera kuliko matusi.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye mwalimu wa binti yake."