Vidole Kumi vya Jirani

Jirani yangu alinunua msumeno wa meza wa bei rahisi kuliko yote dukani, na tangu hapo sijui tena usingizi wa Jumamosi asubuhi. Tumetenganishwa na ukuta mfupi tu, kwa hiyo namwona na kumsikia, nitake nisitake. Kile chuma cha kuongozea ubao hakikai sawa hata ukibembeleze vipi. Anakikaza, anapima mbele, anapima nyuma, anaguna, anakigonga kwa goti, anapima tena. Kisha kiganja chake kipana kinaupapasa ubao kutafuta misumari, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Ndipo anawasha, na mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Akizima, mkewe huita kutoka jikoni, "Baba watoto, vidole vingapi?" Naye huinua mikono yote miwili na kujibu, "Kumi!" "Haya, endelea." Bila hiyo "haya" hakati ubao mwingine.

Jumamosi iliyopita mkewe alikuwa amelazwa hospitali, naye alikuwa akimtengenezea kiti cha kukalia bafuni atakaporudi. Alikata ubao wa kwanza, akazima, akaligeukia dirisha la jikoni. "Kumi," akasema. Akabaki amesimama hivyo, mikono juu, vumbi la mbao likimtua mabegani. Mimi, niliyezoea kuilaani ile mashine, nikangoja aiwashe. Hakuiwasha.

"Haya, endelea," nikamwambia kutoka upande wangu wa ukuta.

Hakunitazama. Alishusha mikono, akachukua ubao mwingine, akapima mbele, akapima nyuma, akaguna.